Kujifunza Lugha Nyingi Peke Yako, na Namna ya Kuitunza Hamu

Kila mwaka, Mwezi Mtukufu unapokwisha na watu kurudi katika shughuli zao, hutujia wenye nia mpya. Mmoja ataka Kiarabu ili afahamu anachokisoma katika sala. Wa pili ataka Kituruki, kwa kuwa amesikia habari za vijana waliopata nafasi za masomo Istanbul. Wa tatu ataka Kifaransa, kwani biashara yake yafika Bujumbura na Lubumbashi. Na wa nne, naye ndiye anayetutia hofu zaidi, azitaka zote tatu pamoja, na Kichina juu yake. Huja na madaftari mapya, kalamu za rangi mbili, na simu zilizojaa programu za kila namna. Mfungo Mosi wote huwaka kama moto wa makuti. Mfungo Pili huanza nyudhuru. Ufikapo Mfungo Tatu, lile daftari limekwisha kuwa la kuandikia madeni ya duka.

Mwenye kuacha hujitetea aghalabu kwa moja ya mambo mawili: ama kichwa chake ni kizito, ama hakuwa na vitabu wala mwalimu. La kwanza hatulikubali hata kidogo, maana huyo huyo mwenye kichwa kizito twamjua amejifunza Kiswahili na lugha ya bibi yake kabla hajaota meno ya pili. La pili lilikuwa na ukweli wake zamani. Sisi wenyewe, ambao elimu yetu ni ya chuoni na darasa saba, tulikipata Kiarabu cha kusemwa kwa redio ya masafa mafupi, tukiisikiliza idhaa ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza mwaka 1938 na kunyamaza Januari 2023. Usiku sauti ilikuja na kuondoka kama maji ya bahari, na neno lililozama katikati ya habari ilikuwa ni kulikisia. Leo mtoto wa miaka 12 aweza kuisikiliza hotuba ile ile mara 20, airudishe nyuma, aipunguze mwendo, na kuyaona maneno yake yameandikwa chini. Vitabu viko, sauti ziko, na walimu wako katika kioo cha simu usiku na mchana. Na watu wanaacha vile vile. Kwa hiyo upungufu hauko katika vitabu. Uko katika hamu, na juu ya hamu ndiyo twataka kusema.

Kwanza yafaa tujue hamu huzama wapi. Mtu anayejua maneno 20 ya lugha ngeni, akiongeza mengine 20 wiki hii, elimu yake imezidi mara mbili, naye huiona faida kwa macho yake na kuisimulia barazani. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa na maneno yapatayo 1,000. Hapo akiongeza yale yale 20 kwa wiki, hayaonekani tena. Ni kama kopo la maji lililomiminwa katika birika la msikiti. Kazi ni ile ile, na faida ni ile ile, illa jicho haliioni. Tena huo ndio wakati ambapo ameacha kusoma vijisentensi vya wanaoanza na kuanza kugusa maneno ya watu wazima, akakuta hafahamu. Basi husema moyoni mwake: nimesoma mwaka, na sijui kitu. Mabaharia wa majahazi walipajua mahali hapo. Nchi uliyotoka imezama nyuma yako, na nchi uendayo haijachomoza, na upepo ni ule ule wa jana. Anayedhani amepotea hugeuza tanga, kumbe amefika nusu ya safari.

Yule anayevuka mahali hapo, kwa tulivyoona sisi, si mwenye akili nyingi kuliko wenziwe. Ni yule ambaye upande wa pili yuko mtu anayemngojea.

Zaid bin Thabit, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa kijana mdogo Mtume wetu, sala na salamu ziwe juu yake, alipomwamrisha kujifunza maandishi ya Mayahudi, na katika riwaya nyingine lugha ya Kisuryani, ili barua zisomwe na kuandikwa na mtu mwaminifu. Katika riwaya aliyoipokea Tirmidhi, Zaid asimulia ya kuwa haukutimia nusu mwezi ila alikuwa amekwisha kuyajua. Watu husimama katika hizo siku 15 na kustaajabu, na kweli ni jambo la kustaajabiwa. Lakini tazama na mengine yaliyokuwapo. Alikuwa Madina, mji ambao wenye maandishi hayo walikuwa wakiishi. Kazi aliyopewa ilikuwa na mpaka: kusoma barua na kuandika barua. Na barua zenyewe zilikuwa zikija. Hakuambiwa akajifunze lugha kisha angoje siku itakapomfaa.

Tuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Yuko mama mmoja katika mtaa wetu, umri wake umepita miaka 60, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Mwanawe wa kiume akaa Maskati, na binti yake yuko Denmark. Wajukuu wa Maskati husema Kiarabu. Kiswahili wakisikia kwa baba yao, lakini hawakijibu. Wale wa Denmark husema Kidenishi nyumbani na shuleni. Simu ilipopigwa kila Ijumaa baada ya sala, mama huyu aliwaona wajukuu wake kiooni, wakatabasamu, wakapunga mkono, kisha simu ikarudi kwa mzazi. Hayo yalikwenda kwa miaka. Siku moja alikuja kwetu akasema amechoka kuwapungia mkono watu wa damu yake kama abiria wa meli, na kwamba Mwenyezi Mungu akimchukua, watoto wale watakumbuka mkono tu.

Tulimshauri aanze na Kiarabu peke yake, kwa sababu herufi alikuwa nazo tangu chuoni na maneno mengi alikuwa nayo bila kujua. Hakutaka kitabu cha sarufi. Alitaka sentensi 5 za Ijumaa ijayo. Basi kila Jumamosi alikuja na sentensi zake kwa Kiswahili: umekula nini leo, mwalimu wako anaitwa nani, mimi nilipokuwa mdogo kama wewe tulikuwa na mbuzi mkorofi. Sisi tulimpa Kiarabu chake, naye wiki nzima akazisema kwa sauti akichambua mchele, akifagia, akingoja chungu kichemke. Ijumaa alizisema kwenye simu. Mjukuu wa kike, mwenye miaka 7, alicheka mpaka akaanguka, kisha akamsahihisha, kwani sisi tulimpa Kiarabu cha vitabuni na mtoto anasema cha Maskati. Tangu siku hiyo mwalimu akawa yule mtoto, na sisi tukawa waandishi tu. Habari ya mbuzi ilidumu wiki 9, maana mtoto kila mara alitaka kujua mbuzi alifanya nini baadaye, na bibi hakuwa na hiari ila kutafuta maneno ya kumwambia.

Baada ya miaka miwili alikigeukia Kidenishi. Hapo hatukuwa na la kumsaidia, kwa kuwa hatukijui. Alitumia programu ya simu na mjukuu wa pili, mvulana wa miaka 10. Lugha ile, kama alivyotueleza, huandikwa kwa namna moja na kusemwa kwa namna nyingine, nusu ya herufi zikimezwa kooni. Lakini alikuja siku moja na furaha kubwa: Wadenishi hawasemi ishirini na moja, husema moja na ishirini, enogtyve, sawasawa na Waarabu wasemavyo wahid wa ishrun. Kile alichokipata Maskati kikamfungulia mlango Denmark. Furaha hiyo ilipungua alipofika hesabu ya 50, ambayo kwao ni halvtreds, na asili yake ni mbili na nusu mara ishirini. Akatuuliza kama watu wale wana ugomvi na hesabu. Hatukuwa na jawabu.

Lugha mbili alizifuata moja baada ya moja, na hili ni jambo ambalo vijana wetu hawalipendi kulisikia. Wataka kuanza tatu Jumatatu ile ile. Mshika mawili moja humponyoka, na katika lugha aghalabu humponyoka yote mawili, kwa sababu katika miezi ya mwanzo kila lugha yadai mahali pale pale kichwani. Ukiuliza neno la “lakini” laja la Kituruki mahali pa Kifaransa. Zaidi ya hayo, kila lugha ina bahari yake ya katikati, na mwenye kuanza tatu pamoja huzifikia bahari tatu kwa mwezi mmoja. Rai yetu ni kwamba lugha moja iwe ndiyo ya safari, mpaka mtu aweze kusoma hadithi fupi bila kamusi na kuzungumza robo saa bila kukwama. Zilizotangulia zipewe haki yake ndogo ya kila wiki zisikauke. Na zinazofuata zingoje. Wala asianze mbili zilizo ndugu kwa wakati mmoja, kama Kihispania na Kitaliano, maana hizo hugombana zaidi kuliko zilizo mbali.

Katika watu wa mbali waliojifunza kwa njia hii, maarufu ni Heinrich Schliemann, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1822 na kufa mwaka 1890, yule aliyechimba magofu ya Troya. Alikuwa mtoto wa maskini, akafanya kazi katika duka la vyakula, na jahazi alilopanda lilipovunjika katika pwani ya Uholanzi alijikuta Amsterdam akiwa mtumwaji katika nyumba ya biashara. Kwa simulizi yake mwenyewe, nusu ya mshahara wake aliutumia katika masomo, huku akikaa katika chumba cha darini kisicho na moto wakati wa baridi. Alianza na Kiingereza, miezi 6. Kisha Kifaransa, miezi 6. Baada ya hapo Kiholanzi, Kihispania, Kitaliano na Kireno vikamchukua wiki 6 kila kimoja. Twapaswa kusema ya kuwa wanazuoni waliokuja baadaye wameyachunguza maandiko ya bwana huyu na kuona alipenda kuyatia chumvi mambo yake, basi hizo wiki 6 kila mtu na azipime mwenyewe. Lakini njia aliyoieleza ni njia njema, na mtu wa chuoni huitambua mara moja: asome kwa sauti kubwa, kila siku bila kuruka, asishughulike na kutafsiri, aandike habari fupi juu ya jambo analolipenda, isahihishwe, aihifadhi, na kesho yake aisome kwa moyo. Kitabu kilikuwa mkononi mwake hata alipotumwa posta, akakisoma katika msongamano wa kungoja barua. Jumapili alikwenda katika kanisa la Waingereza mara mbili, akayarudia maneno ya mhubiri kwa sauti ya chini, neno kwa neno.

Kirusi ndicho kilichotufurahisha zaidi katika habari zake. Hakupata mwalimu Amsterdam, akanunua sarufi kuukuu, kamusi, na tafsiri mbovu ya kisa cha Telemakhi, kitabu ambacho alikuwa amekihifadhi kwa Kifaransa. Akaona kwamba akiwa na mtu wa kumsomea atakwenda mbio zaidi. Basi akamwajiri mzee mmoja maskini wa Kiyahudi, kwa faranga 4 kwa wiki, aje kila usiku saa mbili nzima akae kumsikiliza akisoma Kirusi. Mzee hakujua hata silabi moja ya Kirusi. Jirani zake wakalalamika, kwa kuwa dari za nyumba zile zilikuwa za mbao moja moja na sauti ilipita, akalazimika kuhama mara mbili. Baada ya wiki 6 aliandika barua yake ya kwanza ya Kirusi kwa mfanyabiashara aliyekuwa London, na mwaka 1846 wenye nyumba ya biashara walimtuma Petersburg.

Mtu atasema zile faranga 4 zilitupwa. Sisi hatuoni hivyo. Mwenye kusoma peke yake chumbani aweza kujisamehe kila usiku. Leo nimechoka, kesho nitafanya mara mbili. Lakini mzee akiwa amekwisha kukaa kwenye kiti, na ujira wake umekwisha kutolewa, hakuna msamaha. Sikio lamtosha, hata likiwa halifahamu. Katika nyumba zetu masikio hayo yako bure. Mama aweza kumsomea mwanawe, mume akamsomea mkewe anaposhona, na mwenye kukaa peke yake akajirikodi katika simu na kumpelekea rafiki aliye katika safari kama yake. Mjukuu wa Maskati alikuwa sikio bora kuliko la yule mzee, kwa sababu alicheka.

Jambo jingine limo katika habari hiyo ya Kirusi, nalo watu hulipita upesi: alichagua kitabu alichokwisha kukijua. Anayesoma kisa kigeni kwa lugha ngeni hubeba mizigo miwili, na anayesoma kisa anachokijua hubeba mmoja. Hapa sisi watu wa pwani tuna hazina ambayo wengi hawajaifungua. Hekaya za Abunuwasi kila mtoto wetu azijua. Waarabu wanazo nyingi katika hizo wakimhusisha Juha, na Waturuki wanazo wakimhusisha Nasreddin Hoca. Ile ya sufuria, aliyeiazima kwa jirani akairudisha na ndogo ndani yake akisema imezaa, kisha mara ya pili akasema imekufa, na jirani aliyekubali uzazi akakataa mauti, utaikuta Istanbul na Kairo kama ulivyoisikia kwa bibi yako. Fungua kitabu cha watoto cha Kituruki katika hekaya hiyo. Hata usipojua neno la sufuria, utajua mahali linapokaa, na likikutokea mara 15 katika ukurasa mmoja halitakutoka tena.

Tena tunayo maneno. Kitabu, dunia, habari, sabuni, wakati na hakimu ni yetu, na Mturuki asema kitap, dünya, haber, sabun, vakit na hâkim, naye Mwindonesia asema kitab, dunia, kabar, sabun, waktu na hakim. Mswahili anayeingia katika lugha hizi hakuti nyumba tupu. Akuta viti vyake vimekwisha kupangwa. Walakini ahadhari, kwa maana baadhi ya viti hivyo vimegeuzwa. Rahisi kwetu ni jambo lisilo gumu, au kitu cha bei nafuu; rakhis ya Mwarabu ni ya bei tu. Sherehe kwetu ni ngoma na pilau, na sharh ya Mwarabu ni ufafanuzi wa maneno, hata kijana mmoja alipoona kitabu kinachoitwa Sharh alidhani kinahusu harusi. Msafiri wetu yuko njiani, lakini misafir wa Mturuki ni mgeni aliyekaa sebuleni. Na liko la hasira. Kwetu hasira ni ghadhabu. Katika Kiarabu hasra ni majuto na huzuni, na aliyeisoma Surat Maryam akafika palipotajwa siku ya hasra, akaifahamu kwa Kiswahili chake, ameona siku ya watu walioghadhibika, kumbe ni siku ya watu wanaojutia yaliyowapita. Tofauti hiyo si ndogo. Tumewaona watu wazima wakinyamaza kitambo walipoambiwa, kisha wakaomba darasa liendelee usiku ule ule. Hamu ya namna hiyo haitiwi na mwalimu yeyote.

Sasa tuseme juu ya kusahau, kwani kusahau ndiko kunakowakatisha tamaa wengi kuliko ugumu wenyewe. Mwanazuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kuhifadhi safu za silabi zisizo na maana, akatangaza matokeo yake mwaka 1885. Alipima ni kazi kiasi gani imesalimika anapojifunza tena safu aliyoisahau. Baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja thuluthi mbili hivi zimekwenda. Lakini baada ya mwezi mzima, iliyosalia bado ilikuwa yapata moja ya tano. Maana yake, kusahau kuna mbio mwanzoni kisha huchoka. Na anayerejea somo lake mapema, kisha akaliachia muda mrefu zaidi, kisha mrefu zaidi, huponya mengi kwa kazi ndogo. Mtu aliyesoma hifdhi hatashangaa. Somo jipya alfajiri, la jana baada yake, ya wiki nzima siku maalumu, na muraja'a wa juzuu zilizopita usiokoma maisha. Walimu wetu hawakuwa na vipimo vya Berlin, na watoto waliohifadhi mikononi mwao ni ushahidi wa kutosha. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo aliyehifadhi juzuu kumi kwa njia hii, akianza Kifaransa huandika maneno 60 Jumamosi, asiyatazame tena mpaka Jumamosi ya pili, kisha akasema Kifaransa hakimpendi.

Programu za simu nyingi zimelijua jambo hili na hurejesha maneno kwa zamu, na kwa hilo twazisifu. Ila zina tabia moja tusiyoipenda: huhesabu siku ulizofuatana bila kukosa, na ukikosa moja hesabu hurudi sifuri. Tumemwona mtu mwenye siku 140 akakosa moja kwa msiba, akaiona ile sifuri, naye hakurudi tena. Alikuwa amekwisha kuacha kujifunza Kihispania bila kujua. Alikuwa akichunga namba.

Bora kuliko hayo ni mwendo wa Bi Kató Lomb wa Hungary, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 2003. Alisomea kemia, kisha akawa mkalimani wa lugha nyingi, karibu zote amejifunza mwenyewe, zikiwamo Kirusi, Kijapani na Kichina. Kiingereza alikianza kwa riwaya ya Galsworthy na kamusi. Wakati wa vita vikuu vya pili, kusoma Kirusi katika nchi yake kulikuwa hatari, naye akasoma riwaya ya Gogol katika mahandaki ya kujikinga na mabomu, kurasa zake akiwa amezificha ndani ya kitabu kinene cha Kihungari. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 alishauri kwamba mtu aiguse lugha kila siku, na siku isiyo na nafasi ziwe hata dakika 10, hasa asubuhi. Na hamu ikipungua, alisema, usijilazimishe mpaka ukaichukia lugha, wala usiiache: weka kitabu, sikiliza redio, soma kitu kingine chepesi kwa lugha ile ile. Neno asilolijua alilivuka, akijua litarudi. Na lisiporudi, halikuwa na haja naye. Mwanamke huyu alipokuwa na miaka 86 alikuwa akijifunza Kiebrania.

Tumemtaja umri wake kwa makusudi, kwa sababu wako wazazi wanaosoma kurasa hizi wakidhani haya ni ya watoto wao. Abu Raihan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarizmi. Alikuwa na miaka 44 Sultani Mahmud alipomchukua Ghazna mwaka 1017, na baada ya hapo ndipo alipoishika lugha ya Kisanskriti, lugha ambayo yeye mwenyewe ameilalamikia kwa wingi wa majina ya kitu kimoja, kwa sauti zisizoandikika kwa herufi za Kiarabu, na kwa uzembe wa wanakili wake. Mwanachuoni mkubwa kama huyo alikubali kukaa mbele ya wanafalaki wa Kihindi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Kitabu chake juu ya Bara Hindi alikikamilisha yapata mwaka 1030, akiwa na miaka 57.

Mama wa nyumba mwenye watoto wanne ataturudi na kusema kuwa hana nafasi, na hatuna haki ya kumkana. Tumwambie tu tuliyoyaona. Waliofaulu katika mtaa wetu hakuna aliyekuwa na saa nzima ya utulivu. Mmoja huandika maneno 5 katika karatasi na kuibandika juu ya jiko la gesi. Mmoja, mshonaji wa kanzu, huweka simu juu ya cherehani na kurudia sentensi kila anapofika mwisho wa pindo. Wakati umefungwa kwenye kazi ambayo lazima ifanywe, basi hauhitaji kutafutwa. Walioweka ratiba nzuri ukutani, kwa rula na wino wa rangi, wengi wao ratiba bado iko ukutani.

Sisi mwaka huu tuko katika Kituruki, baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto wa chuo hawajafika na ubao na kelele zao. Sikio letu ni mtoto wetu wa mwisho, ambaye hakijui Kituruki, na hulipwa maandazi mawili. Kitabu ni cha hekaya za Hoca, chapa ya watoto, na tumefika ya 18, ambayo punda amepotea na mwenyewe anashukuru kuwa hakuwa amempanda, maana angalipotea naye.